Magoti Yaliyomwogopa Mama Mkwe

Ndama, Jumamosi, Aprili 1954

Yustasi, saa tatu na dakika kumi asubuhi mama aliingia uani bila taarifa, na furushi la nguo kichwani. Mke wangu Kyarisiima alitoka kumwamkia, magoti yakakataa kukunjika. Alimwamkia mama yangu amesimama. Amesimama, Yustasi!

Niliyapima kwa utepe. Hakuna uvimbe, hakuna homa. Jana alipiga magoti hayohayo akipalilia maharage kutwa nzima.

Nikamweleza mama kama ninavyowaeleza wanafunzi: "Hofu hukaza maungo. Magoti hayana kosa, yanakuogopa wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye ugonjwa?"

"Ndiyo, kwa mujibu wa vipimo."

Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi. Usinicheke.

"Basi sikiliza, mwalimu. Mke asiyenipigia magoti si wa nyumba hii. Arudi kwao Bugomora leo, au naondoka mimi." Hakungoja jibu. Akajitwika furushi.

Alipofika kwenye lango la ua, Kyarisiima alimkimbilia, akapiga magoti yote mawili bila hata kukunja uso. "Safari njema, mama."

Mama akamtazama. Akatua furushi.

"Kumbe amepona! Basi nakaa mpaka kahawa yote ichumwe."

Saa tatu na nusu. Kyarisiima bado amepiga magoti, hawezi kuinuka. Niliinama nimwinue, na mgongo wangu, ambao hauna uvimbe wala homa, umekataa kunyooka.