Kwa Fundi Taratibu, Aliyetembea Upande wa Ukuta

Mwaka mmoja umetimia leo, mume wangu, tangu utoke nyumbani na futi ya kupimia mfukoni na penseli nyuma ya sikio. Uliniambia unakwenda kupima dirisha la daktari wa meno, na chai yako nisiifunike, utarudi haijapoa. Niliifunika hata hivyo, kwa kuwa nakujua ukishaanza kuzungumza na mwenye dirisha.

Wenzetu huandika matangazo ya kumbukumbu kwa machozi. Machozi tunayo na sisi, lakini leo tunakuandikia kwa hasira, na wewe unanijua, mimi nikinuna hata majirani hupunguza sauti. Wanaosoma hapa watuvumilie kidogo, maneno haya ni yako kwanza.

Ulikuwa fundi vioo kwa miaka thelathini na moja. Walikuita Fundi Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno ulilotanguliza kila ulipobeba kioo: "Taratibu, jamani, taratibu hapo mlangoni." Ulilisema kwenye ngazi, ulilisema kwenye korido za maofisi, mpaka watoto wa mtaa wakawa wanakuigiza wakibeba madaftari. Ulitembea upande wa ukuta ili kioo kisimguse mtu, na hata siku ambazo mikono yako ilikuwa mitupu uliufuata ukuta uleule. Vidole vyako vilijaa makovu madogo madogo. Mtu mwingine hajakatwa na kioo chako hata mara moja.

Yule bibi wa ghorofa ya tatu anakumbuka jinsi ulivyomwekea kioo cha jikoni siku za baridi, ukamwambia ni kipande tu kilichobaki kwenye kazi nyingine. Hakikuwa kimebaki. Nilikuona ukikikata.

Tena ulikuwa na tabia yako ya kugongagonga madirisha ya watu kwa ukucha tukiwa matembezini, eti unasikiliza kama puti, ule udongo wa kugandishia kioo, imeshika. Mara ngapi nimeomba radhi kwa watu waliochungulia wakiwa na taulo kiunoni. Ningeomba radhi tena leo, kwa furaha kabisa.

Siku ile ilikuwa saa tano asubuhi, jua linawaka, njia ya waenda kwa miguu ni pana na wewe uko ukutani kwako. Nyuma yako wakaja vijana wawili juu ya skuta moja ya umeme, hizi za kukodi kwa simu. Wa mbele anaendesha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anamwonyesha mwenzake kitu kwenye simu. Chombo chenyewe hakina mlio. Kilikuwa na kengele, haikupigwa. Uliangukia ukingo wa zege kwa upande wa kichwa, na siku ya tatu daktari akatuita pembeni.

Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia ajali haina kinga. Niliitikia kwa adabu, nikameza. Mwaka mzima nimemeza na sasa natema. Hii ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa mmoja wao ashuke atembee. Kinga yake ilikuwa simu ikae mfukoni, kidole gumba kikae kwenye kengele, na skuta ikae barabarani kwenye njia yake. Na kama ni lazima ipite penye watu, basi mwenyewe aikokote mpaka awapite. Kutoka pale ulipoangukia hadi kona inapoishia njia ile ni hatua thelathini na mbili. Nimezitembea mwenyewe, na magoti haya unayoyajua, na sikuchelewa popote.

Yule aliyeendesha nilimwita muuaji. Nilimwita hivyo kituo cha polisi, nikamwita hivyo mbele ya mama yake, aliyekuja msibani akasimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Nilimwambia avivae arudi alikotoka.

Skuta zenyewe hatuna ugomvi nazo, na hata wewe hukuwa nao. Binti yetu mkubwa, karani wa posta, huenda nayo kazini kila siku: kofia ngumu kichwani, peke yake, mikono miwili kwenye usukani, na akifika penye msongamano anashuka. Akimaliza huiegesha kando, isimkwaze mtu. Wewe mwenyewe ulijaribu siku moja uani pale posta, ukaenda hatua tano ukashuka umeshika kiuno, na tulicheka kwa sababu uliushika usukani kama unayebeba kioo cha dirisha. Ukamwambia, "Mwanangu, hiki chombo ni bubu. Basi mwenyewe usiwe bubu." Yeye alilisikia. Kumbe waliolisikia hawakuwa wote.

Sasa nakuambia lililonifanya nishike kalamu.

Wiki tano zilizopita nilikuwa natoka duka la dawa kuchukua vidonge vyangu vya presha. Nilikuwa upande wa ukuta, nimekuiga. Sikusikia kitu. Upepo ulinipiga kwenye kiwiko, mfuko wa dawa ukanidondoka, na skuta ikanipita kwa upana wa kiganja, imebeba watu wawili, mbele amesimama mtoto kichwa wazi. Nilifungua mdomo nilaani. Ndipo nikasikia sauti ya mtoto, anacheka, "Bibi, tumekupita." Alikuwa mjukuu wako. Na aliyekuwa anaendesha, hedifoni masikioni, hata hakugeuka, alikuwa mjomba wake, kitinda mimba wako.

Nilikaa chini palepale njiani. Waliokuwepo walidhani ni presha, wakanipa maji.

Nyumbani nilimsubiri nimesimama.

"Mama, ni pale na hapa tu," aliniambia. "Na barabarani magari yanakimbia. Ningempeleka mtoto huko?"

"Ungemshusha mkatembea."

"Tungechelewa."

"Mlikuwa mnachelewa wapi?"

Walikuwa wanarudi nyumbani kula, na chakula chenyewe kilikuwa bado hakijapikwa kwa sababu mpishi alikuwa amekaa chini karibu na duka la dawa.

Baadaye akaniuliza, sauti imemshuka, "Mama, unanifananisha na yule?"

"Sikufananishi," nikamwambia. "Mmefanana wenyewe. Yeye alimkuta baba yako. Wewe hujamkuta wa kwako bado."

Mume wangu, sijawahi kukasirika namna ile, hata siku ya hospitali. Mwaka mzima mtoto huyu amekaa nami mezani tukimlaani yule kijana, yeye akiongoza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na kama yule ni muuaji, huyu niliyemzaa mimi nimwite nani? Nimelitafuta neno sijalipata, na nakuambia kweli, naogopa. Naogopa kila simu inayoita mchana.

Basi nilipoanza kuandika tangazo hili na kufika penye majina ya wanaokukumbuka, lake nililiruka. Nilisema mtu anayekukumbuka kwa mdomo na kukusahau akishika usukani asihesabiwe pamoja nasi. Dada yako alipopata habari alikuja mbio, hata hodi hakupiga.

"Wifi, mambo ya ndani hayaanikwi barabarani."

"Aliyeyaanika barabarani ni yeye, wifi."

"Lakini ni mtoto. Na analia."

"Mwache alie. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi zamu yangu ya kulia nimeshaimaliza."

Wifi akaniambia moyo wangu umekuwa jiwe. Nikamjibu kwamba kama ungekuwa jiwe nisingehangaika na mtu. Aliondoka bila kuniaga, na mpaka leo tunasalimiana kwa kupitia binti yako.

Jumapili iliyopita kitinda mimba wako alinikuta kwenye meza yako ya kukatia vioo, ndiko ninakoandikia siku hizi. Alisimama muda mrefu akibandua puti iliyokauka ukingoni mwa meza.

"Mama, niandike."

"Sikuandiki."

"Niandike na nilichofanya. Usifiche kitu."

Nikamkumbusha kwamba tangazo husomwa na kila mtu, hata wenzake wa kiwanda cha mikate watalisoma, watamcheka mpaka achoke.

"Wacheke," alisema. "Wao pia wanapakiana wawili wawili. Kila asubuhi wanapita palepale alipoanguka baba, na mimi nimewahi kupita nao."

Hilo la mwisho nilikuwa silijui. Nilitamani kumpiga, mtu mzima na ndevu zake. Badala yake nilimsogezea karatasi na kalamu nikaenda kuosha uso. Mstari wake ameuandika mwenyewe na mimi sijaongeza neno. Tangu siku ile mtoto anarudi kutoka shuleni kwa miguu, ameshikwa mkono, na mjomba mtu akipanda skuta hupanda peke yake, masikio wazi, kofia ya dada yake kichwani mpaka atakapopata ya kwake. Najua kwa kuwa namchungulia dirishani, lile la sebuleni uliloniwekea. Sijamwamini bado. Yeye anajua, na hanung'uniki.

Yule mama wa viatu mkononi sijamtafuta. Nimeulizia anakoishi, basi. Kwenda sijaweza, na usinihimize.

Kazi zako zipo, fundi. Dirisha la daktari wa meno liliwekwa na mtu mwingine na linapiga kelele kukiwa na upepo. Tunapita tunalisikia, binti yako na mimi, tunatazamana.

Siku zote za maisha yetu hatutakusahau. Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yako mkubwa, karani wa posta. Dada yako, ambaye ameninunia ila hajambo. Kitinda mimba wako, "niliyempakia mtoto wa dada yangu mbele ya skuta bila kofia, kwenye njia ya waenda kwa miguu, muziki masikioni, nikampita mama yangu na sikumwona". Na mjukuu wako wa miaka mitano, ambaye bado tunaye kwa bahati tu, wala si kwa akili ya mtu yeyote wa nyumba hii.