Mbwa wa Baba Hana Upele

Ha Lekhooa,
Semonkong, Lesotho.
19 Julai

Mpendwa dada Mampoi,

Hujambo huko Cape Town? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kumnyima shemeji usingizi? Sisi tu wazima. Theluji imeanguka tena na maji ya ndooni tunayakuta yameganda asubuhi, lakini kondoo wote wapo na Mama anakula vizuri.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ya huku hukatika kila upepo ukivuma, na shukrani niliyo nayo sitaki ikatwekatwe.

Siku ile nilipokupigia, hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyokueleza. Khoale, mbwa wa marehemu Baba, alikuwa amejikuna mpaka ubavu ukatoka damu. Ukimpapasa, mba zinamwagika kama unga. Jirani yetu mzee Motlomelo akaja na bunduki.

"Huo ni upele, Tankiso. Ukiingia kwa kondoo, sufu ya kijiji kizima imekwisha. Mfunge kamba nimalize kazi."

Mama, ambaye tangu mazishi alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana, alitoka na blanketi lake, akaketi juu ya theluji, akampakata mbwa.

"Basi anza na mimi, Motlomelo."

Mzee akaona haya. Akatupa muda mpaka Jumapili.

Wewe ndiye uliyeniambia nisibishane na mtu, nimtafute kwanza afisa mifugo. Nilikuwa nimeshakata tamaa, dada. Nilipanda farasi kwa sababu yako tu.

Afisa aliyekuja alikuwa binti mmoja, Refiloe. Alimkwangua Khoale ngozi, akaitazama kwa hadubini yake pale pale mezani kwetu.

"Huyu hana mdudu hata mmoja. Analala wapi?"

Nikamwonyesha, ubavuni mwa jiko.

"Na mnamwogesha?"

"Kila Jumamosi," Mama akajibu, "kwa sabuni ya unga. Mume wangu alipenda ang'ae."

Refiloe akacheka mpaka akashika meza. "Mama, mnambanika halafu mnamfua! Ngozi imemkauka tu."

Basi sabuni tumeacha. Khoale analala kwenye gunia mbali na jiko, tunamchana manyoya, tunamtilia mafuta kidogo kwenye chakula, na nyayo zilizopasuka tunazipaka mafuta ya kondoo. Mzee Motlomelo alipoambiwa, alinung'unika kwamba hajapata kuona mbwa anayepakwa mafuta kama bibi harusi. Lakini bunduki aliirudisha nyumbani. Ubavu umefunga na manyoya yanaota.

Sasa nikuambie nisilolitegemea. Kila jioni Mama humpaka Khoale mafuta, na akimpaka humsimulia habari za Baba: alivyoanguka kwenye farasi siku alipokwenda kumposa, alivyoimba vibaya kanisani. Mimi husikiliza nikijifanya nachochea moto. Juzi alipomaliza, aliitazama mikono yangu iliyochanika kwa baridi.

"Lete na hiyo," akasema.

Akanipaka kidole kwa kidole, polepole. Mafuta yalikwisha zamani, naye hakuniachia mikono, wala mimi sikuiondoa.

Nisalimie shemeji Lehlohonolo na mpwa wangu Nthati. Shangazi Maleshoane anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu akufunike huko uliko, kama neno lako lilivyotufunika sisi.

Wako akupendaye,
mdogo wako Tankiso