Mfarishi Wenye Nafasi ya Kiraka Chako

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Alhamisi, tarehe 13 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu zingali moto, maana nakuandikia nikiwa nimekaa karibu na pasi ya mkaa. Hujambo wewe? Mgongo haujambo? Miguu bado inavimba? Na huyo mheshimiwa aliyeko tumboni, anaendelea kukupiga mateke? Mwambie binamu yake anamsalimu na kwamba aache fujo, uzuri wa ukoo huu nimeshauchukua wote mimi, hakuna haja ya kuukimbilia.

Sisi huku hatujambo. Tunanawa mikono mpaka ngozi inataka kuhama. Baba hajambo, lori limesimamishwa na yeye kasimama nalo, kutwa kulifuta vioo. Mimi mwenyewe nimezidi kupendeza, sema barakoa inawanyima watu haki yao.

Najua unajiuliza huyu naye tangu lini anaandika barua, mtu aliyeachana na shule kwa amani bila mmoja kumdai mwenzake. Simu ipo, bando lipo. Lakini habari hii haisemeki kwenye simu, kwa sababu mhusika yuko chumba cha pili, na masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Ndiyo maana nimeikunja barua ndani ya mfarishi. Usiufunue kwanza! Nakujua pupa yako. Soma.

Kikundi cha Alhamisi unakijua kuliko mimi, wewe umekulia chini ya meza yao ukiokota vipande vya vitambaa. Basi bado ni walewale. Bibi yetu, yaani mama yako, ndiye Mwenyekiti. Yuko Mkunga, aliyetupokea duniani mimi na wewe na nusu ya mtaa, na bado ananitazama kama mtu aliyenipangusa jana. Yuko Mama Pacha, mwenye mikono kama makasia. Na yuko muuza mboga, yule tunayemwita Kasuku, sina haja ya kukueleza kwa nini. Kila mtoto anayezaliwa katika nyumba zao anashonewa mfarishi wa viraka, nao wote wanne wanautia mkono. Wangu mimi ninao mpaka leo na ndio ninaojifunika. Anayetaka kucheka aje achekee mbele yangu.

Sasa mikusanyiko ilipokatazwa, Bibi alifunika cherehani kwa shuka kama maiti. Nikamwambia, mke wangu, si ushone peke yako? Akanijibu, "Peke yako unashona foronya. Mfarishi haushonwi na mtu mmoja." Na wewe ndio kwanza ulikuwa umetupa habari ya mimba, Shangazi, baada ya miaka yote ile ya kungoja. Sisi kuja kwako huko ng'ambo haiwezekani, wewe kuja huku ndiyo kabisa, halafu hata mfarishi hakuna. Akaanza kuacha chai inapoa kikombeni. Unamjua mama yako na chai. Nikaona hapa tunakwenda kubaya.

Ndipo nilipoingia mimi. Kibanda ninachotengenezea simu kilikuwa kimefungwa, akili yangu yote imekaa bure, na unajua ilivyo nyingi. Nikawaunganisha wote wanne kwenye simu ya pamoja, kila Alhamisi saa kumi jioni, kila mtu nyumbani kwake na sindano yake, simu kwenye spika. Ungesikia siku ya kwanza! Mama Pacha aliitumbukiza simu kwenye sufuria tupu ili sauti iwe kubwa, tukawa tunazungumza na mtu aliyeko kisimani. Mkunga alikuwa anapiga kelele kama vile anasukumisha uzazi. Kasuku hakuhitaji simu, angefungua dirisha tu. Lakini nakwambia, Bibi alifunua cherehani siku hiyohiyo, na chai aliinywa akaomba nyingine.

Tena akanitazama na kusema, "Mume wangu, mkono wa tano huo unakaa bure kwa nini?" Basi na mimi nimeshona, usianguke. Mwanaume kamili, ndevu hizi zinachungulia. Kiraka changu utakijua, ni kile ambacho mishono yake inatembea kwa raha zake bila kusukumwa na mtu.

Utaratibu ulikuwa hivi: kila mmoja akate na kushona viraka vyake nyumbani, avitie kwenye mfuko, autundike mlangoni. Mimi napita nachukua, navipiga pasi ya moto kuua chochote kilichomo, ndipo Bibi aviunganishe. Kipimo akawaambia kwenye simu, "Kiraka shubiri mbili, kama kawaida." Wote wakaitikia, kama kawaida, Mwenyekiti.

Umeshaliona kosa? Sisi hatukuliona. Miaka yote hiyo shubiri ni ya Bibi. Anayekata anakwenda na kitambaa chake kwa Mwenyekiti, Mwenyekiti anatanua vidole, gumba huku, kidole cha mwisho kule, mara mbili, alama ya chaki, haya mwingine. Wamezoea mpaka wanaitaja shubiri kama kitu kinachouzwa dukani. Kwa hiyo kila mtu alitanua mkono wake mwenyewe, akakata kwa roho safi kabisa.

Siku nilipovitandaza juu ya kitanda, Shangazi, nilikaa chini. Viraka vya Mama Pacha vinaweza kumfunika mtu mzima. Vya Kasuku, leso. Vya Mkunga virefu upande mmoja. Ukioanisha huku, kule kunabaki pengo la kupitisha kuku.

Simu ya wiki hiyo ilikuwa vita.

"Vyangu viko sawa," akasema Mama Pacha toka ndani ya sufuria. "Mwenye vidogo ajitaje."

"Ajitaje nani?" Kasuku akaruka. "Tumeambiwa shubiri mbili, nimekata shubiri mbili. Kama mkono wangu mdogo mlalamikie aliyeniumba. Wewe mkono wako unapimia mashamba!"

"Kasuku, mimi nimebeba watoto wawili mgongoni, usinitafute."

Mkunga akawatuliza. Akasema si neno, kosa ni la wote, huyu kijana achore mkono wa Mwenyekiti kwenye boksi, aukate, atupitishie kila mtu mlangoni, tupime upya kwa mkono ule ule wa siku zote. Jamani, si akili hiyo? Nilisikia wivu kwamba haikutoka kwangu. Nikaenda mbio kutafuta boksi, narudi nakuta Bibi kakata simu.

Asubuhi yake akanikabidhi viraka vyote vimekunjwa. "Warudishie watu vitambaa vyao. Waambie Mwenyekiti amechoka, watafute mwingine. Kikundi mimi basi."

Mimi nikadhani kanuna kwa zile kelele. Nikajisemea, kama ni mkono tu, nitaupata bila yeye. Mfarishi wangu si ulipimwa kwa mkono wake? Nikautandaza, nikaweka juu yake kiraka kipya alichokata Bibi mwenyewe, nipate kumwonyesha Kasuku shubiri halali inafananaje. Hakikufika. Nikakigeuza, nikakivuta, hakikufika. Kimepungua vidole viwili vizima.

Nikamfuata Bibi chumbani kwake. Nikamwambia, mke wangu, nipe mkono. Akaficha. Nikamwambia mume anaomba mkono, wewe unanyima? Akacheka kidogo, akautoa. Kile kidole cha mwisho, Shangazi, kimekunjika, hakinyooki. Na mwenzake wa jirani ameanza kumfuata.

"Kimegoma tangu kabla ya kufungiwa," akaniambia. "Nakinyoosha, kinarudi."

"Si ungesema?"

"Niseme nini? Wote wanapima kwangu. Mwenye kipimo akiharibika, anakaa pale kufanya nini? Kupikiwa chai?"

Hapo, Shangazi, niliinuka nikaenda kuvipiga pasi upya viraka vyote bila kutumwa. Andika popote unapoandika mambo ya ajabu.

Viraka sikuvirudisha. Na kumsema kwa wenzake sikumsema, ingawa Kasuku alinikaba mlangoni kwake karibu anipime joto kwa lazima. Nilichofanya ni hiki: Alhamisi ilipofika, saa kumi, nikawapigia wote kama kawaida, nikaiweka simu kitandani karibu na Bibi, nikamwambia naenda kuosha sufuria. Sufuria zilikuwa safi. Nikakaa nyuma ya mlango.

Halafu Kasuku, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, akauliza, "Mwenyekiti, upo? Kama ni mimi niliyekuudhi, nitakata vingine."

Bibi akapumua. Akasema, "Si wewe. Ni kidole changu. Hakinyooki tena."

"Kipi?" akauliza Mkunga.

"Cha mwisho. Mkono wa kupimia."

"Ahaa. Mimi goti," akasema Mkunga. "Tangu mwaka juzi. Unadhani kwa nini nilikuwa nawahi kuja, nakaa kabla hamjafika?"

Mama Pacha naye akasema, "Mimi macho. Uzi natungiwa na pacha. Nikija kwenu naja na sindano zilizotungwa tayari, kumi kwenye mkoba."

"Kumbe!" Kasuku akashangaa. "Mimi sina ninachoumwa."

"Wewe ungeumwa mdomo sote tungepona," akasema Bibi.

Wakacheka, Shangazi. Wakacheka mpaka sufuria ya Mama Pacha ikalia kengele. Mimi nyuma ya mlango nilikuwa na vumbi machoni, nyumba hii haifagiwi vizuri, na anayefagia ni mimi.

Kasuku ndiye aliyeuliza swali la maana, nampa haki yake. "Sasa kipimo ni mkono wa nani?" Bibi akafikiri. Akasema, "Wa kila mtu. Viacheni vilivyo. Msikate tena. Mapengo nitayaziba mimi." Halafu akaniita bila hata kugeuka, "Na wewe uliyeko nyuma ya mlango, leta kikapu cha mabaki!"

Basi huo ndio mfarishi ulio mikononi mwako. Sasa ufunue.

Hiyo mikanda ya bluu inayopita katikati kuziba mapengo ni sketi yako ya shule. Alikuwa kaihifadhi miaka yote, usimwulize wapi. Sasa tanua mkono wako juu ya viraka, mara mbili, kimoja baada ya kingine. Palipozidi sana ni Mama Pacha. Kilicholala kama mkeka ni cha Mkunga. Kilichopunguka kabisa, chenye maua mekundu, ni Kasuku. Kizuri kuliko vyote ni changu. Na hicho cha kijani kibichi ni mama yako, mkono wake ulivyo sasa hivi. Kaa nacho kidogo.

Pale pembeni, karibu na kichwa, utaona pako wazi, kitambaa cha chini kinaonekana. Usidhani panya wa posta. Bibi kapaacha makusudi. Nilipotaka kupaziba akanipiga mkono kwa rula. Pale ni pako. Kata kiraka kwa shubiri yako, kitambaa chochote ulichonacho huko, hata gauni lililokubana sasa hivi, ushone. Kikizidi, kikipunguka, mikanda ya bluu iliyobaki nimeikunja chini kabisa ya kifurushi.

Sasa sikiliza neno lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Wenzake amewaambia, lakini wewe hajakwambia, na hana mpango. Ukipiga simu ya picha anashika simu kwa mkono wa kushoto, ule mwingine unakaa ndani ya kanga. Anaogopa utakosa usingizi katika hali yako hiyo, au utafanya wazimu ujaribu kusafiri. Mimi nimeona bora ujue, kwa sababu anavyokuficha wewe ndivyo alivyowaficha wao, na umesoma mwenyewe palipomfikisha.

Alhamisi ya kwanza baada ya kifurushi hiki kukufikia, saa kumi ya huku, nitakuunganisha. Kwako itakuwa asubuhi mapema, amka, acha uvivu. Usimwulize kidole. Mwambie tu kwamba umeanza kukata kiraka chako, lakini vidole vyako vimevimba kwa mimba, pete haiingii, mkono haufunguki kama zamani, na hujui kama kipimo kitafaa. Halafu nyamaza. Hata Kasuku nimeshamwahidi embe moja anyamaze. Mama yako atakwambia mwenyewe.

Msalimie sana mumeo, mwambie bado namdai mechi ya karata. Baba anakusalimu, Mkunga anasema ulale ubavu wa kushoto, Mama Pacha na pacha wake wote wawili wanakusalimu, Kasuku salamu zake hazikuenea kwenye karatasi. Bibi anadhani naandika majina ya nani kashona nini, naye anasema kula vizuri.

Mungu akufungulie salama, akupe mtoto mwenye afya, na atufungulie na sisi milango tukutane sote chumba kimoja.

Ni mimi ninayekupenda kuliko unavyostahili,
Mume mdogo wa mama yako.