Mpige tena

Shoga, nisikilize.

Si unaijua ile kazi ya nyumbani ya somo langu la Kiingereza, wanafunzi wanapiga picha kwao na kuziweka kwenye grupu la darasa? Binti mmoja aliweka ya mama yake akipika. Kumbe mama kamkimbia mume, kajificha!

Leo huyo mume kaingia darasani na picha hiyo kwenye simu, sijui nani kamtumia. "Jiko hili liko wapi?" Binti akatikisa kichwa. Mume akamkamata nywele, akambamiza ukutani. Mbele yangu, shoga! Ukutani!

Nikanyakua laptopu, nikamtwanga nayo usoni. Akaanguka, damu puani.

Binti, mdomo umepasuka, akaniambia, "Mwalimu, mpige tena."

Nikampiga tena.

Polisi wamembeba. Sasa wananisubiri mimi. Wakiniuliza ile ya pili ilikuwa ya nini, niseme nini?