Mabalozi Wastaafu Wakae Mbele

Jumamosi jioni

...basi kwaya ilipomaliza, MC akatangaza mabalozi wastaafu wakae mbele. Wakasogea wale wa suti, waliokuja kumkumbuka mwenzao marehemu, mzaliwa wa hapa kwetu, na kuleta magodoro ya zahanati. Na Mzee Yona, aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, naye huyo, kaketi katikati yao!

Mmoja akamuuliza, "Mheshimiwa, ulikuwa nchi gani?"

"Nyumba kumi! Kuanzia kwa huyu Mama Neema mpaka kisimani." Akaninyooshea kidole.

Nilicheka mimi! MC akaja kumwinua. Nikasema leo mzee kaumbuka.

Mjane wa marehemu akamkatalia MC. "Mwache. Marehemu alipoomba pasipoti ya kwanza, barua ya utambulisho aliandikiwa na huyu."

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Mzee Yona huyo sasa yupo mlangoni kwangu, anaita, "Mama Neema! Toka umwamkie Mheshimiwa!"

Ngoja nikampe shikamoo yake.