Raba za Mama Kubwa

Bangkok, 19 Oktoba 2014

Baba Daisy,

Salamu nyingi. Natumaini yale mafua yamekuachilia. Mimi ni mzima, ila miguu inaniwasha tu kwa hamu ya kutembea.

Nakuandikia nikiwa kwenye ngazi za hospitali. Hapa kuna waifai ya bure na hakuna wa kuniuliza naandikia nani. Goti jipya la Mama Kubwa limeshika vizuri. Daktari alimwambia mbele yangu: tembea asubuhi na jioni, la sivyo goti litakauka. Fahad, mwanawe aliyekuja nasi, kazi yake ni kulala, kwa hivyo wa kumtembeza ni mimi. Madamu amepiga simu kutoka Doha akarudia ile ahadi yake: siku mama yake atakapoingia nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, mimi nitapewa Ijumaa ya mapumziko.

Kila Ijumaa, Cornelius. Zaidi ya mwaka tunaishi mji mmoja, wewe Al Mansoura, mimi Al Thumama, na tumeonana mara moja tu kupitia dirisha la gari. Huyu mama atatembea, atake asitake.

Jana tulitoka mara ya kwanza. Mtaa wa hoteli yetu umejaa shisha, mabango ya Kiarabu na watu wa Ghuba. Yeye alitabasamu, mimi nikanuna. Yaani tumepanda ndege kutoka Doha tukaja Doha?

Mkeo,
Mama Daisy

Doha, 22 Oktoba 2014

Mama Daisy,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mafua yangu yameisha, sasa ameyarithi Joram, mwenzangu wa chumbani. Mama anasema kule nyumbani Daisy wetu ameng'oka jino la mbele na amekataa kupigwa picha.

Ijumaa baada ya kanisa sikuweza kukaa. Nilitembea mpaka Al Thumama, nikazunguka ukuta wenu kama mpima mashamba. Najua hupo humo, lakini hata ukiwepo huwa nauzunguka hivyo hivyo. Mlinzi wa jirani yenu, Mganda mmoja aitwaye Fabian, akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia, mke.

Mtembeze huyo mama, ila usimvunje. Na uniandikie mitaa mnayopita. Nikisoma, nami nakuwa njiani.

Mumeo,
Baba Daisy

Bangkok, 6 Novemba 2014

Baba Daisy,

Habari za kazi na za Joram? Huku mvua inapungua, nasi hatukamatiki.

Ulitaka mitaa, haya. Ukivuka daraja la mfereji, Doha inaisha. Kuna vichochoro ambamo watu wanapika mlangoni, huyu anachoma ndizi, yule anatunga maua meupe kwenye uzi, na kinyozi amefunga kioo chake kwenye nguzo ya daraja. Pikipiki zinapanda hadi pale pa waendao kwa miguu, na zikikukuta ni wewe unayeomba msamaha. Nyaya za umeme zimening'inia vichwani mwetu kama sufu iliyomshinda mfumaji. Tunapotea kila siku. Nikimwambia turudi, Mama Kubwa ananiambia, "Bado."

Viatu vyake vya dhahabu vilimkwaruza, akajinunulia raba nyeusi sokoni. Jana mvua ilitukuta, tukajibanza chini ya turubai la fundi cherehani, akaanza kucheka peke yake. Anasema alipokuwa msichana Al Wakrah alikuwa akitembea pekupeku ufukweni mpaka giza, na tangu wapate magari hajui miguu yake ilienda wapi. Nilimpenda wakati ule, nakwambia ukweli.

Jambo moja tu. Tukikaribia hoteli huketi kwenye kiti cha magurudumu ninachotembea nacho kabla Fahad hajatuona, na raba anazificha ndani ya mkoba wangu. Nadhani ni mzaha wake.

Wiki mbili zijazo tunarudi. Andaa shati.

Mkeo,
Mama Daisy

Doha, 10 Novemba 2014

Mama Daisy,

Mzima wewe? Shati limeshapigwa pasi. Nimembembeleza msimamizi mpaka akaniondolea zamu zote za Ijumaa, na badala yake nitakesha siku nyingine zote. Sijali. Wenzangu wananicheka kwamba nimeanza kujinyoa kama bwana harusi.

Mumeo,
Baba Daisy

Al Thumama, 5 Desemba 2014

Baba Daisy,

Hali yangu usiulize. Leo ni Ijumaa na niko jikoni.

Mama Kubwa alitembea mpaka kwenye ndege, Fahad akiwa ametangulia. Alitembea kutoka kwenye ndege. Milango ya uwanja ilipofunguka na akamwona binti yake, akaketi kwenye kiti. Nilimshika mkono ainuke, akanitazama usoni, akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Siwezi." Madamu akasema basi, goti bado, na Ijumaa bado.

Huyu ndiye mwanamke aliyenichosha mimi, Mnandi, mtoto wa wakimbiaji. Raba zake ziko chini ya kitanda changu na nimetaka kuzitupa. Nina hasira hata kula kunanishinda.

Mkeo,
Mama Daisy

Doha, 7 Desemba 2014

Mama Daisy,

Pole, mke wangu. Kula, tafadhali. Niambie nije nibishe huo mlango, nijitambulishe kwa heshima kwamba mimi ni mumeo. Wakinifukuza, watakuwa wamemfukuza mtu wanayemjua.

Mumeo,
Baba Daisy

Doha, 24 Desemba 2014

Mama Daisy,

Krismasi njema, popote ulipo nyuma ya ukuta ule. Mbona kimya? Fabian anasema taa ya chumba chako huwaka, hiyo tu ndiyo habari niliyo nayo. Silali, na si kwa sababu ya zamu. Andika hata neno moja.

Mumeo,
Baba Daisy

Al Thumama, 7 Januari 2015

Baba Daisy,

Nisamehe, na heri ya mwaka mpya. Niko salama. Madamu alikuwa amechukua simu yangu, na aliyenirudishia ni Mama Kubwa.

Alinikuta nikilia huku nafua. Nikamwambia yote, kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwamba amenidanganya. Akasema tukiwa Bangkok alimsikia binti yake kwenye simu akipanga kwamba goti likipona, mimi nipelekwe kwa wifi yake mwenye watoto wanne. "Nikitembea unaondoka," akaniambia, "nabaki na televisheni."

Nikamuuliza, na mimi je? Mume wangu yuko Al Mansoura.

Hakuwa akijua. Muda wote huu hakuna aliyeniuliza, na mimi nilidhani wanajua. Alifikiri Ijumaa naitaka ya maduka. Kisha akauliza, "Raba ziko wapi?"

Amemwambia madamu kwamba goti linataka hewa ya bahari kila Ijumaa, kule Al Wakrah alikozaliwa, na kwamba anayejua kusukuma kiti ni mimi peke yangu. Njoo bandarini keshokutwa baada ya sala ya alasiri. Usikimbie ukituona.

Mkeo,
Mama Daisy

Doha, 10 Januari 2015

Mama Daisy,

Tumeagana jana tu, nami tayari nakuandikia, maana yote niliyopanga kukuambia yalinitoka nilipokuona.

Sijawahi kukaguliwa na bosi yeyote vile Mama Kubwa alivyonikagua. Dereva aliyewaleta alipokwenda kunywa chai, akainuka na raba zake chini ya abaya, akatembea mpaka kwenye benchi kama mtu anayekwenda kwake. "Nimechoka," akasema. "Kizungusheni hicho kiti, kisishike kutu." Amechoka wapi, mama yule?

Basi tukasukuma kiti kitupu ufuko mzima, wewe mkono huu na mimi ule, watu wakitushangaa. Na mimi, mwaka na zaidi nikingoja, nikakueleza mafua ya Joram.

Mwambie Mama Kubwa asiwe na haraka ya kupona.

Nilichotaka kusema ni kwamba umekonda. Na kwamba mkono wako ulikuwa karibu na wangu pale kwenye mpini, nikashindwa kujua kama baada ya muda wote huo bado inafaa niushike bila kuomba. Ijumaa hii ijayo nitaushika.

Mumeo,
Baba Daisy