Picha Mbili za Kifua

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba jioni unakula chakula, siyo kunywa chai tupu halafu unasema umeshiba. Mimi sijambo. Nimeamua kumpa dereva wenu wa lori barua mkononi, maana kukupigia simu ni kujichosha. Kelele za kinu cha kusaga mawe zimekumaliza masikio. Nakuuliza umekula, unanijibu Ijumaa.

Habari kubwa ni kwamba nimefaulu, nimeingia rasmi maabara ya kiwanda cha rangi! Siku ya kwanza walitupeleka ghalani, nikaona mifuko ya unga wa chokaa yenye alama ya kinu chenu, imepangwa mpaka darini. Nikamwambia mkufunzi, huu kausaga baba yangu. Wenzangu walicheka, lakini mimi nilijisikia vizuri sana.

Wiki nzima tumefundishwa jinsi ya kuushika. Miwani na barakoa kabla ya kufungua mfuko. Mfuko unainamishwa taratibu, haumwagwi kwa mbwembwe. Vumbi lililodondoka halifagiwi kavu, unalilowesha kwanza. Likikuingia machoni usifikiche, suuza kwa maji safi robo saa. Na unga usikae rafu moja na tindikali, kwa sababu vikikutana vinachemka na kutoa hewa inayomkaba mtu kwenye chumba kidogo. Nyie huko mnafanyaje?

Halafu dereva ananiambia unakohoa. Ni kweli?

Binti yako,
Bi Maswali

12 Machi

Mwanangu Bi Maswali,

Marahaba, mama. Mimi mzima kabisa, na jana nimekula mpaka nikalegeza mkanda. Hongera sana kwa kazi. Nimewasomea wenzangu barua yako wakati wa mapumziko, na mpaka sasa msimamizi wetu ananiita Baba Maabara.

Ila unga wetu usiusingizie. Nina miaka thelathini na moja nao. Uko kwenye dawa ya meno, uko kwenye vidonge vya kiungulia, kuku wanalishwa ili mayai yawe na ganda gumu. Kitu ambacho watu wanakimeza kwa hiari yao kitanifanya nini mimi?

Barakoa navaa, ondoa shaka. Moja inanitosha wiki nzima. Jumatatu navaa upande wa nje, ukichafuka naigeuza ndani nje, Jumatano naikung'uta ukutani, mambo yanaendelea. Ufundi huo wameiga wote kwangu. Jioni tunajipuliza vumbi kwa mpira wa upepo, halafu tunakwenda zetu nyumbani.

Kikohozi ni mafua tu. Dereva naye ana mdomo.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila barua yako imeniondolea hamu ya kula. Unaigeuza barakoa! Vumbi lote lililobaki nje unaliweka puani mwenyewe, halafu unavuta. Nimemsimulia mkufunzi, akashika kichwa. Na mpira wa upepo unalirudisha vumbi hewani, mnalivuta upya wote kwa pamoja. Nakuomba uache yote mawili kuanzia leo.

Ni kweli unga wenyewe ni mpole. Unakausha ngozi, unawasha macho na koo, basi. Lakini mkufunzi anasema hatari iko kwenye jiwe lisilo safi. Kuna mawe ya chokaa yenye mistari migumu inayometa kama kioo. Hayo ni madini yanayoitwa silika, na vumbi lake likisagwa laini linaingia ndani kabisa ya mapafu, linabaki huko na kutia makovu. Linachukua miaka bila mtu kujua.

Mawe yenu yanameta, Baba? Niambie ukweli. Na tafadhali nenda hospitali ukapigwe picha ya kifua. Ni dakika tano tu.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Mawe ya upande wa juu wa machimbo hayameti. Ya upande wa chini yanameta. Tulikuwa tunayapenda, yanapendeza juani.

Barakoa nimeacha kuigeuza, na wengine nimewakataza. Mpira wa upepo pia. Msimamizi ameahidi kuleta mashine ya kunyonya vumbi. Umeshinda.

Mambo ya picha usiniandikie tena. Nimesema.

Baba

17 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima, ingawa siamini tena neno hilo ukiliandika wewe.

Nimembana dereva mpaka akasema. Anasema kutoka getini hadi ghalani unapumzika mara tatu, na unajifanya unafunga kamba za viatu. Baba, viatu vyako havina kamba!

Nimekasirika, na najua siyo adabu kukuandikia hivi. Mama alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Mliniita nikakuta tayari. Sikumpa hata kikombe cha maji. Miaka sita sasa sijajisamehe, na wewe unataka kunifanyia jambo lile lile. Unaogopa sindano? Hakuna sindano. Unaogopa daktari? Nitakuja kukushika mkono. Niambie tu ni kitu gani, kwa sababu nakupenda na sina mzazi mwingine.

Binti yako

29 Mei

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Najua umesubiri wiki sita na dereva amekuja mikono mitupu kila mara. Usimlaumu, barua nilikuwa naiandika na kuichana.

Siogopi daktari. Ngoja nikueleze.

Unajua kwamba pale kinuni hatubadilishi nguo. Tangu zamani mtu anarudi nyumbani na ovaroli yake. Ilikuwa fahari. Ukipita mtaani mweupe kichwa mpaka viatu, kila mtu anajua huyu ana kazi, nyumbani kwake jiko linawaka. Hata siku nilizotumwa ofisini sikupenda kurudi msafi.

Mama yako alikuwa anaipokea ile ovaroli mlangoni. Anaitundika kwenye kamba ya uani, anaipiga kwa fimbo mpaka anapotea ndani ya wingu. Nilikuwa nakaa pale na chai yangu namwangalia. Alikuwa anacheka, ananiambia, "Mzee, leo umeniletea kilima kizima!" Kila jioni, miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa na barakoa, hata kama naigeuza. Yeye hakuwa na kitu.

Alipoanza kukohoa walimpa dawa za kifua, hazikusaidia. Wakabadilisha, hazikusaidia. Hakupigwa picha, na mimi sikujua kuomba.

Uliponiandikia habari ya jiwe linalometa, nilisimama ghalani na barua mkononi nikashindwa kukaa. Sasa unaelewa. Daktari akiniambia kifua changu ni kizima, nitalala. Lakini akiniambia kina vumbi, basi nitakuwa nimejua nani alimletea mama yako ugonjwa.

Na kuna jingine, ambalo ndilo linaloniamsha. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanisubiri kwenye kona. Ukiniona unakuja mbio, unanikumbatia kiunoni na kufukia uso wako wote kwenye ovaroli. Ukitoka hapo una nyusi nyeupe, tunacheka wote watatu. Sikukuzuia hata siku moja. Nilikuwa naona raha.

Basi tufanye hivi. Kapigwe picha wewe kwanza. Ukishaniandikia majibu, yoyote yale, na mimi nitakwenda. Usinifiche kitu.

Baba yako

6 Juni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Nimepigwa picha leo asubuhi. Kifua changu ni safi. Daktari ameitazama mara mbili kwa sababu nilimwomba, na nikamwomba aandike kwa mkono wake. Karatasi nimeiweka humu ndani, isome mwenyewe. Safi, Baba. Pande zote mbili.

Kuhusu Mama nimelia, siwezi kusema uongo. Nimelia chooni kazini mpaka mwenzangu akagonga mlango. Lakini sikukuchukia hata kidogo. Ulikuwa hujui, naye alikuwa hajui. Mimi namkumbuka akipiga ile ovaroli na kuimba, na sitaki kumbukumbu hiyo iwe kitu cha kukushtaki. Alikuwa anafurahi umerudi.

Hapa kwetu ovaroli haitoki getini. Tunavua, tunaoga, zinafuliwa hapo hapo. Mwambie msimamizi wenu. Kama anabisha, aniandikie mimi.

Sasa zamu yako. Umeahidi.

Binti yako

25 Juni

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, na hujambo wewe na hicho kifua chako.

Nimekwenda. Dereva alinisindikiza, akavaa na shati la kufunga kola utadhani ndiye mgonjwa. Wakanivua, wakanibandika kwenye ubao wa baridi, nikaambiwa nivute pumzi na nisitoe. Hiyo ya kutotoa ilikuwa kazi.

Sikufichi. Kuna makovu, mapafu yote mawili, madoa madogo madogo juu. Ni ya lile jiwe. Hayatoki. Nikikaa mbali na vumbi huenda yasiongezeke upesi, na daktari amenipa dawa ya kuvuta inayonisaidia kupanda ngazi. Msimamizi amenihamishia kwenye mizani, kule getini. Ovaroli zimeanza kubaki kazini, na kila jioni mimi ndiye ninayewasimamisha wale wanaojisahau. Baba mmoja alinigombeza. Nikamuuliza nani anampokea mlangoni, akarudi akavua.

Nilimuuliza daktari habari za mama yako. Nilimweleza yote, kamba na fimbo na miaka. Akasema huenda ikawa ndiyo, huenda isiwe, na hakuna picha yake, kwa hiyo hakuna atakayejua. Nikalia pale kwenye kiti, mtu mzima na mvi zangu. Naona nitaishi hivyo hivyo bila kujua, na nitamwomba radhi kila siku.

Ila nataka ujue jambo moja. Karatasi ya daktari wako nilikuwa nayo mfukoni wakati wote, imeshaanza kuchanika kwenye mkunjo. Huyu daktari wangu alipomaliza kunieleza makovu yangu, moja baada ya jingine, aliniuliza, "Mzee, umeelewa?" Nikamjibu, "Nimeelewa, daktari. Binti yangu hana hata doa." Akanitazama, akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza upya.

Baba yako